Nilimtafsiria mama uongo

Mwaka uliopita kijana mmoja alikuja kupanga chumba katika lupango yetu, hapa Katuba. Ni mwanafunzi wa Fakulte ya Medisini ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na alikuwa kwenye staji ya mwisho, ile ya kuzunguka hospitalini mchana na usiku kabla ya kupata diploma ya udaktari. Kijana mpole, anafua nguo zake mwenyewe. Anatoka Kananga, na Kiswahili chake bado kina harufu ya Tshiluba.

Jioni moja alinikuta ku barza ninasahihisha makaye ya wanafunzi. Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akauliza: «Madamu, stade quatre kwa Kiswahili tunasema namna gani?»

Mwalimu akiulizwa neno hujibu haraka. Mimi sikujibu. Kalamu nyekundu ilibaki hewani, kwa sababu miaka mingi nyuma niliisha kutakiwa kutafsiri maneno ya namna hiyo, na jibu nililolitoa siku ile bado ninalibeba.

Ilikuwa mwaka 2016, mwezi wa saba, wakati wa baridi. Mama yangu alikuwa anatoka damu, yeye aliyekuwa ameacha kuona siku zake tangu zamani. Alificha. Ninyi mnajua namna mama anavyoficha jambo kama hilo: anafua usiku, anavaa vikwembe viwili. Tulipogundua, tulimpeleka hospitali moja ya mji huu, jina lake nitaliacha. Walimkata kipande kidogo cha nyama wakipime. Tukangoja majibu juma tatu.

Siku ya majibu, mganga aliyetupokea alikuwa kijana. Macho mekundu, koti limekunjamana, kwa hakika hakuwa amelala. Alitukuta kwenye koridori, mama ameketi kwenye benchi, mimi nimesimama, watu wanapita na ndoo za maji katikati yetu. Aliuliza nani anasikia Kifaransa. Nikasema mimi, mimi ni mwalimu. Basi akanigeukia mimi, mama akamwachia mgongo, akasema kwa Kifaransa kwamba majibu ni pozitifu, ni kansere ya mlango wa kizazi, imefika mbali, nimwelezee mama. Mama alikuwa amelisikia neno moja tu, «pozitifu». Akatabasamu. Akasema, «Mungu asifiwe.»

Kwa mtu wa kawaida, pozitifu ni kitu kizuri. Tunasikia redioni, tunasikia kanisani: uwe na mawazo pozitifu. Mama alifikiri amepona.

Mganga alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nikabaki na lile tabasamu mbele yangu. Nikasema: «Mama, munganga anasema kuko kidonda mu ndani. Dawa itakamata siku mingi.» Sikusema neno kansere. Sikulisema siku ile, wala mwezi uliofuata, wala baada ya hapo.

Nisimlaumu sana yule kijana. Alikuwa na wagonjwa wengi kuliko mikono, na kwa kazi ya kusema hakuna aliyekuwa amemfundisha. Lakini nitawaambia kilichofuata nyumbani kwetu, kwa sababu uongo mdogo wa koridori hauishii pale koridorini.

Kaka zangu niliwaambia ukweli nusu. Kila mmoja akajaza nusu iliyobaki kwa namna yake. Mkubwa aliuza kipande cha lupango ya marehemu baba ili kununua dawa za chupa kutoka kwa mtu aliyedai anaponya kila kitu. Shangazi alikuja kutoka Likasi, akaona mama anakonda ijapokuwa «kidonda» kinatibiwa, akauliza: kidonda gani hiki kisichosikia dawa? Akaanza kuangalia watu wa nyumba. Macho yake yakaishia kwa mke wa kaka yangu, aliyekuwa mgeni katika jamaa, mtoto wa watu, hana wa kumtetea. Hakuna aliyetaja neno ulozi mezani, lakini sahani yake ilianza kuoshwa mbali na nyingine. Mwishowe akafunga vitu vyake, akawachukua watoto, akarudi kwa wazazi wake miezi miwili. Na mimi niliyejua jina la ugonjwa, nilinyamaza.

Mama alikuwa na dadake mkubwa Kasenga, ku mto Luapula. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Mwezi wa nane na wa tisa, barabara kavu, mama bado anaweza kuketi katika gari, angeweza kwenda. Kwa nini aende, ikiwa ni kidonda tu, ikiwa atapona? Tukasema ngoja upate nguvu. Mvua zikaja.

Juma la mwisho, mwezi wa kwanza 2017, nilikuwa ninampaka mafuta miguuni. Akasema bila kunitazama: «Nilijua tangu ile siku. Uso yako njo iliniambia.» Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akajibu: «Nilikuwa nakuchunga weye. Niliona hauna nguvu ya kusema.» Basi miezi sita, yeye ananichunga mimi na mimi ninamchunga yeye, na katikati yetu hakuna aliyesema neno. Dadake alifika siku ya pili ya kilio.

Ndiyo sababu kalamu ilibaki hewani.

Nilimwambia yule kijana habari hii yote jioni ile. Alisikiliza, kisha akasema kitu kilichonishangaza: kwamba katika miaka yote ya masomo alikuwa amejifunza mifupa, damu, dawa, mashine, lakini namna ya kumwambia mtu habari mbaya aliiona kwa wakubwa wake tu, akipita nyuma yao na kaye mkononi. Mkubwa akisema vizuri, una bahati, unaiga vizuri. Mkubwa akikimbia, nawe unajifunza kukimbia.

Hapo mwalimu ndani yangu aliamka. Mimi nilisoma ISP. Wale waliopita pale wanajua: hatukupewa darasa siku ya kwanza na kuambiwa, haya, fundisha. Tulitayarisha fishi ya somo, tukasimama mbele ya watoto wa watu, wenzetu wameketi nyuma na mkufunzi anaandika. Baadaye inakuja kritiki. «Ulimpa ubao uso, darasa ukalipa mgongo.» «Uliuliza swali, ukajijibu mwenyewe.» «Ulisema dakika ishirini, watoto walisema mbili.» Nililia baada ya somo langu la kwanza la majaribio, siwafichi. Lakini kusema mbele ya watu ni kazi ya mkono kama kushona. Inafundishwa, inakosewa, inarudiwa. Sasa mtu wa kufundisha hesabu ya darasa la nne anafanyiwa kritiki, na mtu wa kumwambia mama wa watoto watano kwamba hatapona anaachwa ajaribu peke yake, koridorini, na mama huyo ndiye somo lake la majaribio. Mimi nikaona hapo kuna kitu hakiko sawa.

Tukaanza kutafuta. Yeye alileta karatasi alizofotokopi, mimi nikaazima kitabu. Nimegundua kwamba jambo hili wengine wamelihangaikia zamani. Mwaka 1965, huko Chicago, Marekani, mganga mmoja mwanamke aliyezaliwa Uswisi, Elisabeth Kübler-Ross, aliombwa na wanafunzi wa teolojia awasaidie kuelewa watu walio karibu kufa. Akaona njia rahisi: tuwaulize wenyewe. Akapita hospitalini kuomba wagonjwa wa kuzungumza nao, na waganga wakamjibu kwamba hapa hakuna mtu anayekufa! Hospitali nzima, vitanda vimejaa. Alipopata wagonjwa, alikuta wengi walikuwa wanangoja tu mtu wa kuketi na kuwasikiliza. Aliandika kitabu chake mwaka 1969, na tangu hapo wengi wameacha kuona aibu kulizungumza.

Mwingine ni mganga wa mishipa ya fahamu, Howard Barrows, kule Los Angeles. Mwaka 1963 alimchukua mwanamke mzima wa afya, aliyekuwa akiwakalia wachoraji wamchore, akamfundisha kuigiza mgonjwa ili wanafunzi wajaribu kwake. Wenzake walimcheka, wakasema anageuza medisini kuwa sinema. Leo katika nchi nyingi mwanafunzi wa udaktari hapiti mtihani bila kukutana na mgonjwa wa kuigiza. Niliposoma hilo nikapiga mikono: hii si ISP tu?

Tena kuna Robert Buckman, Mwingereza aliyefanya kazi ya kansere Toronto, Kanada. Yeye mwenyewe aliugua vibaya sana akiwa kijana, akalala upande wa pili wa kitanda, akaona namna waganga wanavyosema na mgonjwa. Mwaka 2000 yeye na mwenzake Walter Baile wa Houston walitoa hatua sita za kutoa habari mbaya, na hizo ndizo zilizokuwa katika zile fotokopi. Kwa maneno yangu ni hivi: tafuta mahali patulivu uketi, muulize mgonjwa anajua nini juu ya ugonjwa wake, muulize anataka kuambiwa kiasi gani, sema kwa maneno mepesi, kidogo kidogo, akilia au akikasirika, ngoja naye, usikimbilie dawa, kisha pangeni pamoja kitu gani kinafuata.

Mtasema, hayo ni ya Ulaya na Marekani. Hapana. Uganda, hapo jirani, Anne Merriman, mganga mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Walikuwa wakichanganya mofini ya unga na maji, dawa ya kunywa ya bei ndogo, ili mwenye kansere asilie usiku kucha nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu hata wauguzi waliofundishwa kuandika mofini. Na wanafunzi wa udaktari wa Makerere wanafundishwa kazi hii, si dawa tu, hata kuketi na kusikiliza. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Mwafrika hasemi mambo haya.

Basi tulianza Jumapili mchana, chini ya mwembe wetu. Kijana alileta wenzake wawili wa staji, msichana mmoja na mvulana mmoja. Mimi nikaomba mama mmoja wa likelemba yetu, anayeuza kapenta soko la Kenya, aje kuwa mgonjwa. Alikubali kwa sharti moja: asiitwe kwa jina lake, maana hataki ugonjwa ujue nyumba yake. Tukampa jina lingine. Ninyi chekeni, lakini mimi namwelewa.

Siku ya kwanza kijana wetu aliketi mbele yake na kusema. Akasema na kusema. Sehemu za mwili, majina ya vipimo, nusu Kifaransa. Nilikuwa na saa mkononi kama mkufunzi wangu wa zamani: dakika tisa bila kupumua. Alipomaliza akafuta jasho. Mama yule alimtazama kwa huruma, akauliza: «Sasa mutoto wangu, miye nitakufa?»

Kijana akatoa simu mfukoni akaitazama. Hakuna mtu aliyekuwa amepiga.

Tukacheka sote, hata yeye. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu yule mama hakucheka. Alisema: «Munganga wa bwana yangu naye aliangaliaka simu.» Hatukujua. Miaka yote tunakula likelemba pamoja, hatukujua.

Kritiki ilifanywa na wamama wenyewe, na niwaambie, hakuna mkufunzi aliyenifundisha mimi kwa ukali kama huo. Mmoja alisema: ulimwangalia kifuani, hukumwangalia machoni. Mwingine: ulisema «tutafanya yote», na yote ni nini, na bei yake? Wa tatu, mama mzee kabisa, alisema maneno machache tu: «Haukumuuliza anajua nini. Mugonjwa anajua mingi.» Hiyo ndiyo hatua ya pili ya Buckman, na yule mama hajui kusoma.

Jumapili nyingi tulizimaliza kwenye maneno. Vitabu vya Tanzania vinaandika saratani, lakini ukisema saratani hapa Katuba mtu atafikiri ni jina la mtaa. Tukabaki na kansere, kwa sababu ndilo neno linaloeleweka, na linaogopwa, na mtu ana haki ya kulisikia. «Pozitifu» tulilifukuza kabisa kutoka chini ya mwembe. «Tumwachie Mungu» pia. Si kwamba hatuamini. Lakini kila mama wa mji huu anajua kwamba mganga akisema tumwachie Mungu, maana yake nimechoka, mtoeni hapa. Ikiwa hicho ndicho anachotaka kusema, aseme dawa ya kuondoa ugonjwa haiko tena, na aongeze mara moja ni kitu gani bado kiko: dawa ya maumivu, mtu wa kupigia simu, siku ya kurudi.

Ugonjwa ukitoka mahali pake kwenda kwenye maini au mapafu, yule msichana wa staji alipendekeza tuseme «umezaa». Wamama wakakataa kwa sauti moja. Kuzaa ni furaha, usitupe neno letu kwa ugonjwa. Tukajaribu «umeenea», ikawa sawa, lakini mzee alisema linafaa kwa maji na moshi. Mwishoni tukachukua «umetembea». Ugonjwa umetembea mpaka ku maini. Kila mtu alielewa mara moja. Basi lile swali la kwanza la kijana lilipata jibu, miezi kadhaa baadaye: stade quatre ni ugonjwa umetembea mbali, na kuuondoa wote haitawezekana, lakini maumivu yake tutayapigania.

Neno lililotushinda ni «pole». Fotokopi zinasema umtayarishe mtu kidogo kabla ya habari yenyewe, umwonyeshe kwamba neno zito linakuja. Kijana alianza: «Pole sana, mama.» Yule muuza kapenta akasimama kutoka kwenye kiti: «Ukianza na pole, miye nimeisha kufa! Pole ni ya ku kilio.» Wengine wakabisha, pole ni ya kila kitu, hata mtu akijikwaa. Hatukuelewana mpaka leo. Kijana ameamua kuanza na «Mama, majibu si mazuri namna tulivyotaka», kisha anahesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kuendelea. Pole anaiweka baadaye, akishamwona mama amesikia.

Jambo moja hatua sita hazikulijibu vizuri, nalo ni jamaa. Huko Houston mgonjwa anaketi peke yake na mganga, au na mume wake. Hapa kwetu wanakuja kumi na mmoja, na kaka mkubwa anamvuta mganga pembeni: «Dokta, usimwambie mama, atakufa kwa woga.» Mimi siwezi kumhukumu kaka huyo, ndimi nilikuwa kaka huyo. Anayesema hivyo anasema kwa upendo, na wakati mwingine pia kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kusikia. Tulilizungushia jambo hili Jumapili tatu. Tulichopata ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe mapema, kabla majibu hayajatoka, wakati swali bado ni jepesi: «Mama, majibu yakifika, unapenda nikuambie weye yote, ao unapenda nizungumuze na mutu gani wa jamaa yako?» Kuna mama atajibu, mwambie mwanangu wa kwanza, mimi niache na rozari yangu. Hiyo pia ni haki yake, na mganga aiheshimu. Lakini amechagua yeye.

Na ikiwa jamaa wote wanaketi pamoja na kusikia jina la ugonjwa kutoka kinywani mwa mganga, kwa Kiswahili, wakaelezwa kwamba kansere hii ya mlango wa kizazi inatokana na kirusi kinachoambukizwa na ambacho kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, basi shangazi wa Likasi anapata jibu la swali lake. Sisemi mashaka yote yataisha. Ninasema mke wa kaka yangu asingefunga vitu vyake. Yeye na mimi tulizungumza juu ya jambo hili mwaka uliopita tu. Niliomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninataka chai.

Hata bei ni sehemu ya kusema. Wengi wa kwetu walioambiwa waende kuchomwa kwa mashine ya mionzi walivuka Kasumbalesa kwenda Lusaka, kwenye hospitali ya kansere iliyofunguliwa rasmi 2007. Kuna aliyepona kule, dawa ikipatikana usichelewe. Lakini kuna mwingine ambaye ugonjwa umetembea, na jamaa wanauza nyumba kwa safari ambayo mganga alijua haitabadilisha kitu, ila hakupata namna ya kusema. Watoto wanabaki bila mama na bila nyumba. Kijana wetu aliniambia hicho ndicho kinachomtia woga zaidi: kwamba mtu atauza lupango kwa sababu yeye alishindwa kusema sentensi moja.

Sasa, wamama, ninyi mnaosoma hamko wote na mganga chini ya mwembe. Lakini karibu sote tutaketi siku moja kwenye ile benchi. Ukienda kuchukua majibu, yako au ya mzazi, usiende peke yako, na mapema mkubaliane nani atauliza. Mwambie mganga: «Tafazali, sema kwa Kiswahili, sema polepole.» Si tusi, ni haki yako. Akisema pozitifu, muulize: «Ni vizuri ao ni vibaya?» Kabla ya kuuza kitu chochote muulize dawa hii inaondoa ugonjwa au inapunguza maumivu tu, majibu yote mawili yana faida, lakini bei ya kulipa si moja. Uliza juu ya maumivu, usingoje aulize yeye. Na msimpe mtoto wa shule kazi ya kutafsiri kwa sababu tu anajua Kifaransa. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina diploma, na nilianguka.

Mwezi uliopita kijana alirudi jioni, hakuingia chumbani kwake, akaja moja kwa moja ku barza. Alikuwa na mgonjwa, mama mwenye umri wa mama yangu. Alitafuta viti viwili, akapata kimoja, akampa mume wake kukalia, yeye akaketi pembeni ya kitanda. Akamuuliza anajua nini. Mama yule akasema: «Najua iko mubaya. Nangojea mutu aseme.» Akamwambia. Akahesabu mpaka tano, akafika tano, mama bado anatazama dirisha, akahesabu tena. Kisha mama akauliza kama anaweza kusafiri. Ana mtoto Pweto. Kijana akajibu kwamba akienda juma hili au lijalo, na dawa za maumivu mkononi, anaweza. Akingoja zaidi hawezi kumhakikishia.

«Ameenda?» nikauliza.

«Ameenda jana, na mume wake. Walinipigia simu, wamefika.»

Nilimpa bukari na sombe, akala kama mtu aliyefunga siku mbili. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba kidogo, nikarudi, nikaendelea na makaye yangu.

Jumapili hii tunaendelea saa tisa. Wanafunzi wa staji sasa wamekuwa watano na viti havitoshi, anayeweza aje na chake. Zamu ya kuwa mgonjwa ni ya yule mama mzee, na ameisha kutuonya kwamba yeye atakuwa mgonjwa mkali.